Zamu ya Macho

Mlangoni, chumba namba kumi na saba,
tumebandika karatasi kwa dawa ya meno:
Bupe, kufagia. Semeni, kupanga ndoo
kabla bomba halijakohoa na kunyamaza.
Nyemo, gesi. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu:
sherehe, zamu ya macho, mimi.

Basi jana, mtihani wa mwisho mgongoni,
tukashuka Iyumbu, nyumba isiyopigwa lipu,
spika mbili juu ya matofali,
upepo wa Dodoma ukitia vumbi hadi kwenye barafu.
Nilikuwa nimewalisha kwanza: ugali na mlenda.
Bupe akalalama, mlenda unateleza.
Nikamwambia kula, pombe ikishuka
ikute mwenyeji.

Wao bilauri, mimi soda ya tangawizi,
na kalamu, na kiganja changu cha kushoto:
B, vijiti viwili. S, kimoja, na maji katikati.
N, hataki kuhesabiwa.
"Kwani wewe karani wa sensa?"
Nikacheka. Nikamchorea cha tatu.

Msinione mlokole.
Mimi mtoto wa Hombolo, nimekulia kwenye safu za zabibu,
kila mavuno vidole vya mama ni vyeusi wiki nzima.
Najua mvinyo unavyopanda: magoti, halafu ulimi,
halafu akili, na akili
ikizama haipigi kelele.
Nimekunywa. Nitakunywa.
Jumamosi ijayo si zamu yangu.

Kwetu aliyepika pombe huonja wa kwanza,
wageni wakimtazama koo,
ndipo kibuyu kizunguke.
Jana mmoja wa fulana ya njano akatoka gizani
na kikombe kilichokwisha kumiminwa.
"Mpe mwenzako huyo, anakauka."
Nikamwambia, onja.
Akatazama pembeni.
Nikarudia taratibu, kama mtu anayeuliza saa:
onja.
Akaondoka nacho.
Labda ilikuwa bia tu. Labda.

Saa saba usiku Ndahani akaanguka chali
nyuma ya tangi la maji.
Mtu akasema, "Mwacheni, kazima tu, asubuhi atakuwa mzima."

Mwacheni.
Mwaka wa kwanza neno hilo nililisema mimi,
nikarudi kucheza.
Kiti cha Mbeleje, darasa la takwimu, safu ya tatu,
kilikaa wazi hadi Juni.
Hakuna aliyekisogeza.

Nikamgeuza Ndahani ubavu, goti nikalikunja,
koti langu chini ya shavu, mdomo uelekee ardhini.
Ndahani! Nikamfinya sikio. Hakuguna.
Mkono kifuani, saa ya simu machoni:
dakika nzima, pumzi saba.
Semeni, zima muziki. Bupe, tafuta gari.
Mmoja akanong'ona, tutafukuzwa chuo.
Tufukuzwe, nikasema, tukiwa kamili.

Bodaboda wa kwanza alinuka kama sisi,
tukamlipa nauli ya kugeuza.
Mama mwenye duka la pembeni akatoka na kanga begani,
hakuuliza mtoto wa nani, akawasha kipikapu chake.
Nyuma kabisa, kati ya kreti tupu, nilikishika kichwa cha Ndahani
nikihesabu kwa sauti, na Nyemo,
viatu mkononi, akinifuatisha:
moja. Bado.
Mbili.

Kulipokucha dripu ilikuwa ya pili.
Ndahani akafumbua macho, akaomba maji,
akauliza nani kamvua mkanda.
Muuguzi akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule.

Chumbani bomba lilikuwa limekwisha kunyamaza.
Bupe akachukua wino mwekundu,
akakata jina langu, akaandika lake.
Nyemo akakaa kitandani kwangu,
vumbi la Iyumbu bado kwenye kope.
"Mimi vilikuwa vingapi?"
Nikamfumbulia kiganja.